Mkono wa kulia haukusogea

Leo siku ya 19 tangu niivunje ile ndege, na bado mkono wangu wa kushoto unasukuma usingizini. Naamka nimekunja ngumi, nimeikandamiza kwenye godoro kana kwamba nimeshika usukani.

Nilikuwa peke yangu ndani ya Cessna 172, mara yangu ya tatu kuruka bila mwalimu. Mizunguko miwili ya kwanza nilitua vizuri. Wa tatu nilikuja na mwendo mkubwa, noti 75 badala ya 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Wala sitasema sikuona. Nilikitazama kipima mwendo, nikakisoma, nikajiambia, "Utapungua wenyewe." Lakini ndege ndogo yenye mwendo wa ziada haitaki kukaa chini, maana mabawa bado yanaibeba. Magurudumu yakagusa lami, ikadunda, nikajikuta juu tena, mbele yangu anga tupu.

Hapo mkono wa kushoto ukafanya kazi bila kuniuliza. Mtu akiogopa angani anaitaka ardhi, na mwili unadhani njia ya mkato ni kusukuma usukani mbele. Pua ikainama, gurudumu la mbele likatangulia kugusa, tukadunda juu zaidi. Nikavuta, nikawa nimechelewa. Nikasukuma, nikachelewa tena. Ndege huchukua muda kujibu na mtu huchukua muda kuona, kwa hiyo kila nilichorekebisha kiliangukia wakati usio wake. Mdundo wa tatu ukavunja mguu wa gurudumu la mbele, propela ikala lami. Ni sauti kama ya msumeno uliokutana na msumari, kisha kimya.

Nikafunga mafuta, nikazima umeme, nikatoka. Mwilini nilikuwa na alama ya mkanda begani, basi. Mwalimu alikuja mbio, hakuitazama ndege hata kidogo. "Umeumia wapi?" Alirudia swali hilo mara tatu.

Kinachoniuma ni kwamba dawa niliijua. Iko kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu: ukidunda, shikilia pua ilipo, tia moto wote, yaani nguvu zote za injini, paa, zunguka uje upya. Na mkono wa kulia ulikuwa juu ya kishikio cha moto tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi alinionyesha ncha za propela, zote zimepinda kuelekea nyuma. Akaniambia kwa upole kwamba hivyo ndivyo zinavyopinda injini ikiwa haina nguvu. Injini yenyewe itafunguliwa yote, maana pigo kama lile linaweza kuacha ufa ndani usioonekana kwa nje.

Mchunguzi alianza kwa kunieleza kuwa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine, si wa kutafuta mtu wa kulaumiwa. Nilimshukuru, nikalia palepale mbele yake. Nilimweleza yote, hata ile noti 75.

Mwalimu naye ana lake. Juzi aliniambia, "Kila ulipotaka kudunda nilikuwahi. Sikukuacha hata mara moja udunde ukatoka mwenyewe." Simlaumu, alikuwa ananilinda. Ila naamini kwa moyo wote kwamba mwanafunzi anapaswa kudunda akiwa na mwalimu pembeni, tena mara nyingi, kabla ya kuachiwa ndege. Mimi nilihitimu kutua kuzuri tu. Kubaya nilikutana nako siku ile, peke yangu, na muda wa kufikiri haukuwepo.

Kesho asubuhi tunaruka wote wawili. Tumekubaliana tutashuka mara kumi, na mara tisa hatutatua: tutafika karibu na lami, moto wote, juu. Jioni hii nimekaa kitini, nimefumba macho. Naufundisha mkono wa kulia.