Hadithi za ziwa: tulipofika na watoto wa Ekodimu (shule ya Jumapili)

Katika mfululizo huu nina lengo moja: mtoto wa Goma asikie Injili akijua kwamba mengi ya mambo haya yalitokea kando ya ziwa, kati ya watu wanaokula samaki kama yeye. Mtaa wetu hauko mbali na Kituku, bandari yetu ya Ziwa Kivu. Watoto wangu waliona mashua zikipakua makala (mkaa) na ndizi kabla hawajajua kusoma. Elimu hiyo wanayo tayari, na kazi ya moniteri, yaani mwalimu wa Ekodimu, ni kuiita ije darasani.

Tulianza na Luka 5, Petro alipokesha usiku kucha bila kupata kitu. Sikuhitaji kueleza kwa nini usiku. Wavuvi wetu wa sambaza, samaki wadogo wa Kivu, hutoka jioni na mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na taa za kuvuta samaki. Watoto wakanieleza wenyewe kwamba mwezi ukiangaza sana, uvuvi unakuwa haba. Mmoja akauliza, akiniita Yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa: "Yaya, sasa Petro hakuangalia mwezi?" Biblia haisemi, nikamjibu hivyo hivyo. Ila uchovu wa mtu anayeosha nyavu asubuhi bila kitu cha kupeleka nyumbani waliuelewa, na kwa hiyo wakashangaa kweli Petro alipokubali kushusha nyavu tena.

Kisha tukajenga mashua. Mwaka 1986, ukame uliposhusha maji ya Ziwa la Galilaya, mashua ya zamani za Yesu ilionekana kwenye tope la ufukweni: urefu wake ni kama mita 8.2, upana 2.3. Nilipima vipimo hivyo kwa kamba katika kiwanja cha kanisa, watoto wakapanga mawe meusi ya volkano kuzunguka kamba. Mawe hayo hapa Goma hayatafutwi. Wakaingia kumi na watatu, Yesu na wanafunzi wake, na hapakubaki nafasi ya kunyoosha miguu. Nikawaambia pia kwamba ziwa lile ni dogo sana mbele ya Kivu. Hilo liliwafurahisha mno!

Marko 4, ile ya dhoruba, niliiandaa kwa muda mrefu kuliko zote. Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiona kutoka ufukweni. Darasani wapo wanaomjua mtu aliyekuwa ndani. Kabla ya somo nilikaa na moniteri wenzangu tukakubaliana: mtoto asiambiwe hata kwa mbali kwamba waliozama walikosa imani. Andiko lenyewe halisemi hivyo. Wanafunzi waliokuwa na Yesu mashuani waliogopa, wakampigia kelele aamke, na kelele yao ikasikika hata kabla imani yao haijakomaa.

Swali lilikuja, kama nilivyotazamia. "Yaya, ile siku ya Kituku Yesu alikuwa wapi?" Nilimjibu ninachoamini: alikuwa nao majini, na analia pamoja na waliobaki. Tukaomba kwa ajili ya familia hizo. Watoto waliotaka kutaja majina waliyataja, wasiotaka wakanyamaza, na wimbo wa kufunga tukauacha. Naamini somo la namna hii lisiharakishwe ili watoto watoke wakicheka.

Yohana 6 ilikwenda kwa wepesi. Yule kijana mwenye mikate ya shayiri na samaki wawili walimpenda papo hapo, na mabishano yote yalikuwa juu ya mama yake: alikubali chakula kigawiwe, au alikuja kusikia baadaye?

Kinachonipa nguvu ni habari za nyumbani. Mama mmoja alinisimamisha baada ya ibada: mtoto wake alipanga viatu vyote vya nyumba kuwa mashua, akawaingiza wadogo zake, akawasimulia dhoruba mpaka mwisho. Mtoto anayeweza kuisimulia hadithi kwa mdogo wake ameishika. Kwa hiyo sasa kila somo linaanza na mtoto mkubwa akiwasimulia wadogo hadithi iliyopita, mimi nikiwa nimekaa nao chini.

Inayofuata ni Yohana 21, Yesu anapowaandalia wanafunzi samaki na mkate kwenye moto wa makaa ufukweni asubuhi. Wakubwa wameshaanza kukata samaki 153 kwenye makartoni, na mama mmoja anayeuza makala ameahidi kutuletea ya kutosha. Tutawasha moto ule wa asubuhi nje, tuchome sambaza, tule pamoja. Wazazi wanaotaka kuja, karibuni, ila mje na mkate.