Siku ileile, kwa maandishi: uzoefu wangu wa kuwasaidia wenzangu waliobaguliwa

Wengi waliokuja kwangu baada ya kubaguliwa walianza kwa maneno haya: "Wamenidharau." Niliwaamini. Lakini afisa anayepokea malalamiko hana la kufanya na maneno hayo peke yake, na sehemu kubwa ya kazi yangu ya kujitolea imekuwa kukaa na mtu hadi dharau hiyo iwe maelezo yenye tarehe, majina na mashahidi.

Tulianza kwa kusoma pamoja, kikundi kidogo cha majirani, jioni watu wakishatoka kazini. Nilichagua kifungu cha 2 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kwa sababu ni kifupi na kinataja mambo waziwazi: rangi, jinsia, lugha, dini, siasa, asili, mali, kuzaliwa. Mzee mmoja alinikatiza tulipofika kwenye mali. "Hata umaskini?" Ndiyo, baba, hata umaskini. Hapo akatueleza jinsi mjukuu wake alivyokuwa akiketishwa nyuma ya darasa kwa sababu ya sare iliyochakaa. Baada yake kila mtu alikuwa na lake. Nikaona kwamba watu hufahamu vizuri sana wanapobaguliwa. Wasichokifahamu ni wapi pa kulipeleka jambo hilo, na waende na nini mkononi.

Nilieleza mapema kwamba tamko na mikataba ya kimataifa ni mzizi tu. Mikataba huzibana serikali zilizoiridhia. Ukienda kumkabili mwajiri au mwenye nyumba, unakwenda na katiba na sheria za nchi yako, kwa hiyo kila mara tulitafuta kifungu cha nyumbani kinacholingana na tulichokisoma.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: si kila uonevu ni ubaguzi. Bosi anayewafokea wote ni mwonevu, na malalamiko dhidi yake hupita njia nyingine. Ili kupambanua, huwa nauliza: ni nani aliyekuwa katika hali kama yako akatendewa vingine? Swali hilo limenisaidia kuliko kitabu chochote cha sheria. Dada mmoja alinyimwa nafasi ya mafunzo kazini. Tulipokaa tukaorodhesha waliopewa, tukakuta ni wanaume watupu, na baadhi yao walikuwa wameajiriwa baada yake. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unahusu ubaguzi katika ajira, na unagusa hata nafasi za mafunzo ya ufundi. Mkataba huohuo unakubali kwamba kutofautisha watu kwa sababu ya mahitaji halisi ya kazi si ubaguzi. Kwa hiyo swali la pili likawa: je, kazi yenyewe inahitaji kweli hicho wanachokidai?

Swali hilo la pili ndilo lililomwokoa kijana mmoja asiyeona vizuri. Tangazo la kazi ya ofisini lilidai leseni ya udereva. Sharti lilikuwa la wote, hakuna aliyetajwa, na yeye mwenyewe alishakata tamaa akisema, "Si wamesema kila mtu?" Nikamweleza kwamba kanuni inaweza kuwa moja kwa wote na bado ikawafungia mlango watu fulani bila kazi kuihitaji, na kwamba huo nao ni ubaguzi katika sheria za nchi nyingi. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unakwenda mbele zaidi: kukataa kumfanyia mtu marekebisho yanayowezekana bila mzigo wa kupita kiasi ni ubaguzi. Tuliandika barua fupi isiyo na ukali, tukauliza leseni inatumika wapi katika majukumu yaliyotajwa. Wakaliondoa sharti, akafanya usaili kama wengine.

Kuandika ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Siku ileile, kabla ya kulala, andika: saa, mahali, nani alisema nini kwa maneno yake yaleyale, nani alikuwepo. Usiandike "alinitukana", andika tusi lenyewe, hata kama linauma mkono. Tunza ujumbe wa simu, barua, tangazo, risiti. Kisha omba sababu kwa maandishi. Tulifanya mazoezi ya kulitamka ombi hilo kikundini, mmoja akijifanya afisa mkali, mwingine akirudia kwa utulivu: "Naomba uniandikie sababu ya kukataliwa." Kuna mama ambaye mara ya kwanza sauti ilimkauka kabisa. Tulirudia naye hadi ikatoka. Kurekodi kwa siri simshauri mtu kabla hatujajua sheria ya mahali hapo inasemaje.

Kwenye nyumba za kupanga, ushahidi hupatikana kwa njia nyingine. Mtu akiambiwa chumba kimeshachukuliwa mara tu jina lake linaposikika, tunamwomba mwenzake mwenye jina la jamii nyingine apige simu muda mfupi baadaye. Akijibiwa kwamba chumba kipo, tunaandika majibu yote mawili na saa zake. Watu huniuliza kama huo si mtego. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali tangu 1982 kwamba hata mpimaji, yaani mtu anayeulizia nyumba kwa kujaribu tu, akipewa taarifa za uongo kwa sababu ya rangi yake, ana haki ya kufungua kesi.

Woga ni jambo zito, na simlaumu yeyote kwa kuwa nao. Anayelalamika anaweza kupoteza kazi au kufukuzwa nyumbani. Tulizoea kumsindikiza mtu wawili wawili, na palipowezekana barua ilisainiwa na wengi. Uamuzi wa kuendelea au kuacha ni wa mwenye jambo. Habari za afya ya mtu, hasa anayeishi na VVU, hazitoki kikundini bila ruhusa yake, hata kama kuzitangaza kungeipa kesi nguvu.

Kilichoniumiza zaidi ni muda. Tanzania Bara, shauri la kuachishwa kazi linatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Marekani, lalamiko la ubaguzi kazini lina siku 180, au 300 pale ambapo jimbo nalo lina chombo chake cha kushughulikia malalamiko hayo. Nimepokea watu wenye ushahidi wa kutosha waliokuwa wamevumilia wakingoja mambo yapoe, na muda ukawa umekwisha. Siku hizi swali langu la kwanza kwa anayeingia, kabla hata ya kumaliza kusimulia, ni tarehe. Tukishaijua, tunahesabu siku zilizobaki, tunaandika, anajisomea mwenyewe kwa sauti na kurekebisha kila lisilo lake, anasaini, na haondoki kwenye ofisi anakopeleka bila nakala yenye mhuri wa kupokelewa.