Nilianza na kukunga leso

Kilichonikalisha kwenye cherehani ni hasira. Nilinunua doti ya leso (kanga) pale Biashara Street, Mombasa, wiki moja kabla ya harusi ya binamu yangu, nikamwachia fundi mmoja wa barazani aikate na kuikunga, yaani apinde ncha na kuzishona. Kazi ya dakika kumi. "Njoo kesho, dada." Kesho ikawa kesho kutwa, kesho kutwa ikawa "stima zilipotea." Siku ya harusi nikajifunga leso iliyokungwa upande mmoja, na mwingine unaning'inia nyuzi kama ndevu za mbuzi. Mama mmoja wa kwao bwana harusi akanivuta kando, kwa huruma kabisa, akaniuliza kama nilitoka nyumbani kwa haraka.

Nikirudi nyumbani nikaitandaza ile leso kitandani nikaitazama vizuri. Leso huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, unakata katikati, unapinda ncha zilizokatwa. Juu na chini hapaguswi, kitambaa kimetoka kiwandani kimeshajifunga. Kwa hiyo doti nzima ni mistari minne iliyonyooka, kila mmoja mita moja na kidogo. Mistari minne! Kwa mistari minne nimeaibika mbele ya ukoo mzima.

Cherehani ilikuwepo. Shangazi yangu wa Likoni alikuwa na Singer ya mkono, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika kwa kupitiwa na viganja, imelala chini ya kitanda tangu macho yake yalipoanza kusumbua. Namba iliyo kwenye kitako inaanza na herufi mbili, ya kwanza E, na hizo, nilivyokuja kusoma, ni za kile kiwanda cha Clydebank, Uskochi, kilichofungwa 1980. Akaniambia, "Ichukue mwanangu, lakini ujue ni chuma." Sikumwelewa mpaka nilipoibeba. Kilo kumi na ushee, na sanduku lake la mbao juu. Nikavuka nayo feri nimeiweka miguuni, watu wananipisha kama nimebeba maiti ya mtoto. Jamaa mmoja akaniuliza, "Jenereta hiyo, sista?" Kutoka feri hadi Tudor tuktuk ikanila mara mbili ya bei ya kawaida, dereva akidai mzigo umemvunjia springi.

Sasa mashauri. Kazini waliniambia niitupe hiyo ninunue ya umeme, elfu ishirini na kitu. Binamu yangu akasema bila chuo cha miezi sita najidanganya. Kwenye video za mtandaoni kila mwalimu anaanza na vipimo vya mwili, kuchora ruwaza kwenye karatasi, kifua gawanya kwa nne, ongeza hiki, toa kile. Mimi nilitaka kushona mstari. Hakuna aliyenifundisha mstari. Na hiyo ya umeme, wacha niseme: sisi wa mtaani kwetu stima hupotea Jumamosi mchana, siku hiyohiyo niliyo na nafasi. Mkono wangu haujawahi kukatika.

Lakini shauri baya kuliko yote lilitoka kwa mzee jirani yangu wa chini, ninayemheshimu sana na ambaye nitaendelea kumsalimia. Cherehani ilikuwa inalia, "kwii, kwii." Akapanda ngazi, akaitazama kama daktari, akasema, "Hii inataka mafuta ya nazi. Sisi zamani hatukuwa na mengine." Nilikuwa nayo ya kujipaka, yale ya kukamuliwa nyumbani. Nikaitilia kila tundu. Subhanallah! Ikawa laini kama siagi, inazunguka kwa kidole kimoja, na nyumba nzima inanukia wali wa nazi. Kwa siku mbili nilimsifu yule mzee kwa kila aliyenisikiliza.

Siku ya tatu nikaenda Malindi kwa wiki moja.

Niliporudi nikafungua sanduku nikakuta msafara wa sisimizi. Wameingia kwa tundu la uzi, wametoka chini ya bamba, wana barabara zao na makutano yao. Nikawafukuza. Nikashika mpini nizungushe, haukwenda. Nikasukuma kwa mikono miwili, meza ikasogea, gurudumu halikusogea. Yale mafuta yameshikana na vumbi na manyoya ya uzi yakawa gundi ya kahawia, ile unayoikwangua kwenye kikaango cha zamani. Nilikaa sakafuni nikalia, si uongo. Nilijiona nimeiua cherehani iliyowavalisha watoto sita wa shangazi.

Nikampigia simu nikiwa nimejitayarisha kutukanwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Nani kakwambia uipikie? Mafuta ya taa, mwanangu. Inyweshe mafuta ya taa." Nikafungua madirisha yote, nikahamisha jiko, nikaitilia mafuta ya taa kwa sindano ya dawa ya duka, tone kwa tone, kila panapokutana chuma na chuma. Nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikasukuma gurudumu, likaenda nusu inchi. Nikafuta ule uchafu uliotoka kwa fulana kuukuu ya mume wangu (aliitafuta baadaye, nikanyamaza). Usiku wa pili vilevile, ikaenda robo ya mzunguko. Usiku wa tatu nikiwa nimeshakata tamaa, nikasikia "tak," likazunguka duru nzima, na mimi nikapiga vigelegele saa tano za usiku. Halafu ndipo nikaitia mafuta yenyewe ya cherehani, yale meupe kama maji kwenye kichupa kidogo, mia moja na kitu, na nikashona kitambara kisicho na kazi mpaka madoa ya mafuta yalipoacha kutoka. Hicho kitambara usikiruke. Mimi nilikiruka mara moja baadaye, doa liko kwenye leso yangu ya kijani mpaka leo.

Sindano nayo ilinila Jumapili nzima. Ilikuwa inaruka, inashona mbili inaacha tatu. Kwenye video wanasema upande bapa wa sindano uangalie nyuma, nami nikatii. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, bapa upande wa pili, na uzi unaingilia upande huo wa mfereji. Kwangu mimi uzi unaingilia pembeni, sio mbele, basi bapa nalo linakaa pembeni. Nikaigeuza, ikashona. Saa sita za maisha yangu.

Baada ya hapo leso ilikuwa kama mchezo. Nilinunua namba 14 za sindano, uzi wa rangi mbili, nyeupe na nyeusi, na kwa kuweka alama nikatumia kile kipande chembamba cha sabuni kinachobaki bafuni kikishakauka. Kinaandika vizuri kuliko chaki na kinatoka kwa maji. Unakunja nusu sentimita, unapitisha ukucha, unakunja tena, unapitisha ukucha, unashona polepole. Leso mpya bado ina ule wanga wa kiwandani, inasimama unapoikunja kama karatasi, haihitaji pini wala pasi. Binamu yangu wa chuo alinigombeza kwamba kitambaa cha pamba lazima kifuliwe kwanza kwa sababu kinanywea. Kwa gauni nakubali, na nitaeleza kwa nini nakubali. Kwa kukunga leso, kunga kwanza ufue baadaye. Mstari wangu wa kwanza ulikwenda kama matatu inayokwepa mashimo. Wa kumi ulinyooka.

Na hapo ndipo kiburi kilipoingia.

Idi ilikuwa inakaribia. Nikamwahidi binti yangu wa miaka kumi gauni la leso. Hesabu yangu: leso ina urefu wa kwenda chini kama sentimita 110, mtoto anataka kiasi hichohicho, kwa hiyo leso moja mbele, moja nyuma, shona mabega, shona mbavu, kata shingo. Nilichagua doti nzuri ya zambarau, pindo la korosho, na jina lake: "Umdhaniaye siye ndiye." Nikalaza leso mbili uso kwa uso kama nilivyoona kwenye video, nikakata shingo, nikashona. Sikuchora chochote. Nilimaliza kabla ya magharibi nikajiona fundi wa kutoa cheti.

Akavaa. Mbele, maneno yako chini kwenye magoti, mazuri, yanasomeka. "Geuka," nikamwambia. Akageuka. Nyuma, maneno yako mgongoni juu, chini ya shingo, na yamesimama kwa kichwa. Nilipolaza ile leso ya pili niliigeuza kutoka juu kwenda chini, badala ya kuigeuza kama ukurasa wa kitabu. Nikakaa kimya, nikitumaini hajaona. Kaka yake akasogea, akainamisha shingo, akainamisha zaidi, akaanza kusoma kwa sauti, herufi moja moja. Binti akauliza kuna nini. Akamwambia, "Hakuna kitu. Ni kwamba watakaokusoma ni popo."

Kufumua nisingeweza, shingo nilishakata pande zote mbili. Na lilipofuliwa likapanda juu ya vifundo vya miguu, vidole viwili vitatu, ndiyo maana nakubali sasa habari ya kufua kwanza. Ni nguo yake ya kulalia. Anaipenda, huniambia mimi nisijali, akilala chali hakuna anayeona. Siku hizi kabla sijakata kitambaa chochote chenye maneno, naandika "JUU" kwa sabuni kwenye kila kipande. Kila kipande, hata kile unachoona ni dhahiri.

Dera langu mwenyewe lilinichukua mwezi, na nusu ya mwezi huo nilikuwa nagombana na kitambaa. Unakijua kile kitambaa cha dera, kinateleza mikononi kama pweza. Unakitandaza, kinaondoka mezani chenyewe. Unakata mstari, ukiinua unakuta umekata bara na pwani. Nilijaribu pini, nikajaribu kukibana chini ya vitabu na sufuria. Nikajaribu kukikata sakafuni nimekikalia, na nikikikalia ninapotaka kukata ndipo nilipokalia.

Jibu nililipata kwa kukumbuka leso mpya inavyosimama kama karatasi. Nikajiuliza, kama ni wanga tu unaoifanya ikae, si nami nikitie wanga? Marehemu mume wa shangazi alikuwa akifua kofia zake za viua na kuzitia wanga mpaka zinasimama juu ya chungu kama mnara. Hapo nilikuwa napika wali. Nikachuja maji ya wali, yale mazito, nikayaongeza maji ya kawaida nusu kwa nusu, nikayapoza, nikachovya kitambaa chote, nikakikamua bila kukisokota, nikakianika kivulini kimenyooka. Kikiwa bado na unyevu kidogo nikakipiga pasi isiyo kali. Wallahi kilikaa! Kilikuwa kinatoa sauti nikikishika. Nikachora, nikakata, nikashona kwa sindano nyembamba, namba 11, bila pini hata moja. Nilipomaliza nikakifua, wanga ukaondoka, dera likarudi kuteleza linavyotakiwa kuteleza.

Onyo moja: usikiache usiku juu ya kiti. Mende wanapenda wali kama sisi.

Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisichomoke nyuzi, sina na sinunui. Nashona kwanza ndani kwa ndani, uso ukiwa nje, napunguza kingo kwa mkasi, nageuza, nashona tena juu yake, nyuzi zote zinabaki zimefungiwa ndani. Mkasi wenyewe nimeuficha kabatini, maana mtu akikata karatasi nao mara moja tu, umekwisha.

Pesa? Sikuandika. Mafuta mawili, sindano, nyuzi, mkasi, labda elfu moja na nusu, elfu mbili. Vitambaa nilivyoharibu sivihesabu, vingine ni vishikio vya sufuria na kimoja ni pazia la choo.

Siku hizi majirani wananiletea leso zao niwakungie, wengi wao bila kuuliza bei, wanasema tu "nitakutazama." Bado hawajanitazama.

Mwezi uliopita nilipita Biashara Street nimejifunga leso niliyoikunga mwenyewe, makusudi kabisa, nikapita polepole mbele ya baraza la yule fundi. Akaniita. "Dada, umepotea! Siku hizi huniletei leso." Nikamwambia nakunga mwenyewe, nikamwonyesha ncha. Akaacha kazi yake, akavaa miwani, akaishika ile ncha, akaipitisha kidole mwanzo hadi mwisho, akaigeuza nyuma, akaivuta kidogo.

"Umeshona wewe hii?"

"Mimi."

"Uzi wa chini umelegea."

Nilikwenda zangu kwa hasira mpaka Marikiti. Nilipofika nyumbani nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha, na kweli, umelegea.