Leso niliyoichora kwa herufi

Jioni moja mwezi uliopita, nikiwa nyumbani Umoja, Nairobi, niliandika ukurasa wa wavuti wenye sura ya leso. Sikutumia picha yoyote. Pindo nililichora kwa vinyota vya kibodi, mji, yaani sehemu ya katikati, kwa mikwaju (/) na nafasi tupu, na upande wa chini nikaandika jina nililolitunga mwenyewe: UMENIONA MBELE, HUJANISOMA NYUMA. Katika programu ya kuandikia, leso ilikaa sawasawa. Nilipoifungua kwenye kivinjari, mistari yote ilikuwa imemwagikiana, pindo limeingia mjini na mji hauonekani tena.

Kosa lilikuwa dogo. Kivinjari huzihesabu nafasi tupu zinazofuatana, pamoja na mikato ya mistari, kuwa nafasi moja tu, isipokuwa mwandishi amezizingira kwa alama ya «pre». Nilikuwa nimeisahau. Nikiwa karibu kuiweka, nikakumbuka kwamba fujo ya namna hii nimewahi kuiona, tena katika kazi inayoheshimiwa sana.

Mwaka 1995, wasanii Joan Heemskerk na Dirk Paesmans, wanaojulikana kwa jina la JODI, waliweka mtandaoni ukurasa mweusi uliojaa alama za kijani zisizosomeka. Mgeni angedhani tovuti imeharibika. Lakini anayefungua msimbo wa ukurasa huo, yaani maandishi yanayoujenga, hukuta mistari imepangika vizuri na kufanya mchoro wa bomu. Kinachoonekana na kilichoandikwa ni vitu viwili, na vyote ni sehemu ya kazi. Ndiyo maana naona sanaa ya intaneti haisomeki kwa kutazama tu. Ni lazima mtu aigeuze, kama fundi cherehani anavyoipindua nguo ili auone mshono.

Kazi nyingine niliyoipindua hivyo ni ya Olia Lialina wa Urusi, ya mwaka 1996, inayohusu mwanamke na mpenzi wake aliyerudi kutoka vitani. Skrini hugawanyika kwa fremu: ukibofya sentensi au picha, kisanduku huzaa visanduku vidogo zaidi, na mazungumzo ya wawili hao huzidi kukatikakatika hadi nafasi nyingi zinabaki nyeusi. Kwa modemu za wakati ule kila fremu ilichelewa kufunguka, na ukimya huo uliingia katika mazungumzo yao. Kwa faiba ya leo ukimya umepotea. Rhizome, taasisi ya New York iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1996, huzionyesha baadhi ya kazi kama hizi ndani ya vivinjari vya zamani vilivyoigizwa, na kwa maoni yangu hilo si anasa.

Jambo la kuhifadhi nililijua kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza niliiweka kwenye huduma ya bure ambayo baadaye ilifungwa; onyo lilitumwa kwa barua pepe niliyokuwa nimeacha kuisoma. GeoCities, huduma nyingine ya bure ya kuweka kurasa, nayo ilipofungwa mwaka 2009, waliojitolea walikuwa wamekwisha kunakili sehemu kubwa ya kurasa zake. Yangu hakuna aliyeinakili. Tangu hapo kila faili hukaa kwenye simu na kwenye flashi.

Basi niliweka alama ya «pre», leso ikanyooka, nikaenda Pumwani kumwonyesha shangazi, ambaye ameuza leso miaka mingi. Alilisoma jina kwa sauti, akacheka, kisha akaikuza skrini ya simu kwa vidole viwili kana kwamba anatafuta kitu.

“Na ya pili iko wapi, mwanangu? Leso haiuzwi moja.”

Usiku ule niliugawa ukurasa kwa fremu mbili. Kulia ipo leso iliyonyooka. Kushoto yapo maandishi yaleyale, herufi kwa herufi, bila «pre».