Daftari la dagaa: wiki ambayo kila mstari ulikuwa mwekundu

Jumamosi

Kwa waliokosa mwanzo: mama mdogo ananunua dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na bei anaziandika kwenye kauntabuku tangu mimi niko shule ya msingi. Kila Jumamosi nazihamishia kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) linalotunzwa na Git, programu inayohifadhi kila toleo la faili. Ninachojenga ni kiprogramu cha kumwonyesha kilichobadilika tu tangu wiki iliyopita. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazina kazi mbele ya mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inalala ufukweni na bei inapanda. Giza likirudi, inashuka. Orodha nzima ya mistari arobaini haimsaidii kitu. Anataka kujua nani kapandisha.

Natumia pygit2, mlango wa lugha ya Python wa kuingilia libgit2, ambayo ni maktaba ya kazi za Git iliyoandikwa kwa lugha ya C. Mpaka leo nilikuwa naiuliza tu na kuamini majibu. Leo imeniambia mistari yote 40 imefutwa, yote kwa rangi nyekundu, na mingine 40 imeongezwa. Mama mdogo alichungulia skrini akasema, "Baba, mbona umenifutia biashara?"

Jumapili

Nimeshinda nyumbani Nyegezi nikisoma msimbo wa libgit2. Kilichonishangaza zaidi ni jinsi maktaba hii inavyokwepa kusoma mafaili.

Ukiiambia ilinganishe folda na indeksi (orodha ya Git ya mafaili inayoyatunza), kwanza inatembea na orodha mbili kwa pamoja, zote zimepangwa kwa majina. Jina likiwa upande wa zamani peke yake, faili limefutwa. Likiwa upande mpya peke yake, limeongezwa. Likiwa pande zote mbili, ndipo inajiuliza kama limebadilika, na hata hapo haikimbilii kulifungua. Inatazama ukubwa na saa ya mwisho faili kuguswa. Vikilingana na vilivyoandikwa kwenye indeksi, inapita. Isipokuwa saa hizo zikikaribiana mno na saa ya indeksi yenyewe, hapo haiziamini tena, inahakiki yaliyomo.

Kati ya komiti mbili (matoleo mawili yaliyokwisha kuhifadhiwa) kazi ni nyepesi zaidi. Kila faili na kila folda ina alama yake ya SHA-1, tarakimu na herufi 40 zinazotokana na yaliyomo. Alama za folda mbili zikifanana, hakuna haja ya kuingia ndani hata kama kuna mafaili elfu.

Kwa hiyo "faili limebadilika" na "mistari hii imebadilika" ni majibu mawili tofauti, yanayotoka sehemu mbili tofauti. La pili halitafutwi mpaka uliombe. Mimi nilikuwa nayachanganya.

Jumatatu usiku

Mwekundu wote umepata maelezo. Wiki iliyopita laptopu yangu ilikuwa kwa fundi, nikachapa bei kwenye steshenari moja huku mtaani, kompyuta ya Windows. Huko kila mstari unamalizwa na baiti mbili, namba 13 na 10, wakati laptopu yangu ya Linux inaweka 10 peke yake. Machoni huoni kitu. Lakini kabla ya kulinganisha, maktaba inaupa kila mstari namba yake, mistari iliyofanana kabisa inapata namba moja, na toka hapo inalinganisha namba. Baiti 13 ikijificha mwishoni, mstari ni mwingine. Mistari 40, namba 40 mpya.

Kuna kitufe cha kupuuza nafasi za mwisho wa mstari. Nilikijaribu: rangi nyekundu ikatoweka, ila faili bado likaorodheshwa kuwa limebadilika, lenye mabadiliko sifuri ndani. Baada ya Jumapili hilo halikunishtua. Nimeamua kuweka mstari mmoja kwenye `.gitattributes`, faili la maagizo ya Git:

`*.csv text eol=lf`

Sasa baiti 13 zinang'olewa kabla alama ya SHA-1 haijapigwa, na ugomvi umeisha mlangoni.

Jumatano

Hii ndiyo sehemu iliyonila usingizi. Mama mdogo alihamisha mstari wa kisiwa cha Ukara kutoka juu ya ukurasa kwenda chini (sababu zake anazijua mwenyewe), na bei ya Ukara ikawa imepanda. Bei hizi ni za mfano. Zake halisi ni siri ya biashara:

```
-Ukara;debe;31000
 Goziba;debe;29000
 Kome;debe;28000
 Irugwa;debe;30000
+Ukara;debe;33000
```

Kwa mistari minne unaona mwenyewe. Kwenye faili la mistari 40 ile ya kutoa iko kipande cha kwanza, ya kuongeza iko kipande cha mwisho, na kila kipande kinabeba mistari mitatu tu ya majirani juu na chini. Kiprogramu changu kikatangaza: Ukara imeondolewa. Halafu chini kabisa: Ukara ni mpya.

Maktaba haikukosea. Njia inayotumia ni ya Eugene Myers, aliyeichapisha mwaka 1986. Chora jedwali: mistari ya zamani juu, mipya pembeni. Unaanzia kona ya juu kushoto, unataka kufika kona ya chini kulia. Hatua ya kwenda kulia ni kufuta mstari, ya kushuka ni kuongeza, na palipo na mistari inayofanana unateleza mshazari bure. Kinachotafutwa ni njia yenye hatua chache kuliko zote za kulipia. Kwenye mfano huu ni mbili: futa Ukara, teleza Goziba, Kome na Irugwa, ongeza Ukara. Kumwacha Ukara mahali pake kungelazimu kuwafuta wale watatu na kuwaandika upya.

Ndani ya njia hiyo hakuna hatua inayoitwa "hamisha", wala "badilisha bei". Kuna kutoa na kuongeza, basi. Nilitumia jioni nzima kujaribu njia nyingine za Git za kulinganisha mistari, ile ya subira (patience) na ile ya histogramu (histogram), nikitumaini mojawapo ingeelewa. Zinabadilisha tu mistari ipi ioanishwe na ipi. Jioni iliyopotea.

Suluhisho likawa la aibu kwa wepesi wake: panga mistari kwa jina la kisiwa kabla ya kuhifadhi. Mama mdogo aandike anavyotaka kwenye kauntabuku, faili lina mpangilio wake.

```
 Kome;debe;28000
-Ukara;debe;31000
+Ukara;debe;33000
```

Kutoa na kuongeza vikifuatana na jina ni moja, naandika "imepanda 2,000".

Jumamosi tena

Nimempelekea laptopu Mwaloni, pale penye magunia. Skrini ilikuwa na mistari mitatu. Akasoma wa kwanza, akaitikia kwa kichwa. Wa pili akanyamaza. Kisha akafungua kauntabuku, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Kome haijashuka. Hii ni nane, wewe umesoma sita."

Nimerekebisha hapo hapo nikiwa nimekalia gunia.