Dainosa wa kwetu
Jamani watoto hawa!

Jioni hii namsomea mpwa wangu kitabu cha picha cha madainosa, picha kubwa maneno mawili matatu, tukafika kwa yule mwenye shingo ndefu nikamwambia huyu mifupa yake ilitoka huku kwetu Lindi, Tendaguru, Wajerumani wamechimba 1909 mpaka 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini, leo kasimamishwa Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu.

(Kitabu chenyewe hata Tanzania hakitaji, uvivu huo.)

Katoto kakapitisha kidole kwenye ile shingo, polepolee, mpaka kichwani.

"Anko, walimuomba nani?"

Nikabaki nakodoa macho tu 😅

Wazazi na walimu wa Lindi, nyie mngemjibuje?