Nusu ukurasa wa meno: nilivyoshiriki kuanzisha tume ya usawa ya jiji

Rasimu yangu ya kwanza ya sheria ndogo ilikuwa na kurasa 24, na 11 kati ya hizo zilikuwa dibaji. Nilitaja utu, heshima, mshikamano, vizazi vijavyo. Mwanasheria wa jiji aliisoma yote nikiwa nimeketi mbele yake, kalamu mkononi, asiandike kitu. Alipofika mwisho akaniuliza: "Mwenye nyumba akiitwa na tume, akagoma kuja, mtamfanya nini?"

Nikarudi kwenye kifungu. Nilikuwa nimeandika kwamba tume "itamwalika".

"Mwaliko ni wa harusi," akasema, akanirudishia karatasi zangu.

Mimi si mwanasheria. Nilikuwa karani wa masjala katika halmashauri, na kilichonisukuma kwenye jambo hili ni jalada moja. Barua za wananchi zisizokuwa na idara ya kuzipokea ziliishia mezani kwangu, nami nikizifungia kwenye jalada lililoandikwa "Mengineyo". Baada ya miaka minne lilikuwa limevimba hadi kamba haifungi. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, watu hawakuja, nikakaa kulisoma kuanzia barua ya kwanza.

Kijana aliambiwa chumba kimeshachukuliwa mara tu alipotaja jina lake la ukoo, na tangazo likabaki dirishani wiki mbili zaidi. Mwanamke alifaulu usaili, akaondolewa kwenye orodha tumbo lilipoanza kuonekana. Mzee mmoja alikatiwa huduma kwa sababu ya lafudhi yake. Na kulikuwa na bwana anayetumia kiti cha magurudumu, aliyeandika mara tatu kuhusu ofisi inayotoa vibali ghorofa ya pili, katika jengo lisilo na lifti. Barua yake ya tatu ilikuwa na sentensi moja tu: "Nimekuja tena, nimeondoka tena." Kila barua ilikuwa na muhuri wetu, IMEPOKELEWA, na tarehe. Hakuna hata moja iliyojibiwa, na muhuri ule niliupiga mimi.

Mtu ataniuliza mahakama zilikuwa wapi. Zilikuwepo, na sheria ya nchi ilikataza ubaguzi kwa maneno mazuri kabisa. Lakini aliyenyimwa chumba anatafuta pa kulala wiki hii. Hawezi kumlipa wakili, kisha asubiri miaka miwili aambiwe kwamba kweli alionewa. Kilichokosekana ni mlango wa karibu.

Tukajikusanya watu saba: wawili kutoka vyama vya wafanyakazi, mama mmoja wa chama cha wapangaji, mwalimu mstaafu, kijana kiziwi aliyekuja na mkalimani wake wa lugha ya alama, diwani mmoja aliyetuunga mkono, na mimi katibu.

Hapo ndipo tulipopoteza miezi saba. Tuliigombania orodha ya misingi ya ubaguzi. Rangi, kabila, jinsia, dini, ulemavu, umri, hali ya ndoa, ujauzito, lugha, mahali mtu alikotoka, hali ya afya. Kila kikao kilileta mtu aliyeona wake wamesahauliwa, na kila jina lililoongezwa lilimtoa mwingine ukumbini kwa hasira. Niliandika mihtasari ya vikao vile hadi nikaota orodha usiku. Jioni moja yule kijana kiziwi akainua mkono, mkalimani akasema kwa niaba yake: "Mimi nimeshaandikwa, ulemavu ni namba tano. Sasa nikibaguliwa kesho naenda wapi, saa ngapi, namkuta nani?" Ukumbi ukanyamaza. Hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Orodha tuliimaliza usiku uleule kwa kuazima njia ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Ibara yake ya 2 inataja misingi kadhaa, kisha inaacha mlango wazi kwa hali nyingine yoyote ambayo haikutajwa. Nasi tukataja yetu, tukamalizia na "au hali nyinginezo za aina hiyo". Miezi saba, na dawa ilikuwa maneno sita. Bado naona aibu nikikumbuka.

Kisha nikaanza kusoma miji mingine ilivyofanya, na hapo swali la mwanasheria likanikaa vizuri. Mwaka 1943 kulizuka ghasia za rangi katika miji kadhaa ya Marekani. Detroit peke yake ilizika watu 34 mwezi wa Juni, na Agosti ikawa zamu ya Harlem, mtaa wa New York. Mameya wakashtuka. Chicago ikaunda kamati mwaka huohuo, na New York, chini ya meya La Guardia, ikapata kamati yake ya umoja mwaka 1944. Ile ya New York ilikuwa ya kushauri. Ilipofika 1955 jiji lilitunga sheria ya kuanzisha tume kamili mahali pake, na mwaka 1957 likapiga marufuku ubaguzi katika nyumba za kupanga za watu binafsi. Jina la Tume ya Haki za Binadamu lilikuja 1962. Yaani jiji kubwa na tajiri kama lile lilihitaji zaidi ya miaka kumi kuvuka kutoka kamati ya kushauri hadi tume ya kisheria. Mimi nilikuwa natunga sheria inayotuanzishia kwenye kamati ya kushauri, kwa hiari yangu, kwa sababu niliona maneno "kushauri" na "kuhamasisha" hayatamkera mtu.

Hayakumkera mtu kweli. Hata waliotupinga waliipenda rasimu ile.

Ya pili ilikuwa na kurasa sita, na moyo wake ulikuwa nusu ukurasa. Tume inaweza kumwita mtu na kudai nyaraka kwa hati ya wito, na akikaidi inakwenda mahakamani kuomba amri. Mlalamikaji ana mwaka mmoja wa kuleta lalamiko, na mlalamikiwa ana siku 21 za kujibu. Usuluhishi unajaribiwa kwanza, lakini makubaliano yakisainiwa yanabana kama mkataba. Tume inaweza kuanzisha uchunguzi yenyewe bila kusubiri mlalamikaji. Na kulipiza kisasi ni kosa linalojitegemea: ukimfukuza mtu kazi kwa kuwa alilalamika, una kesi hata kama lalamiko lake la awali halikuthibitika. Kifungu hiki cha mwisho alikitoa mama wa chama cha wapangaji. Alisema watu wake hawaogopi kushindwa, wanaogopa kesho yake.

Adhabu ndiyo ilitusumbua. Sheria ndogo ya jiji haiwezi kuvuka mipaka iliyowekwa na sheria mama, na faini ya juu tuliyoruhusiwa ilikuwa ndogo kiasi kwamba kampuni kubwa ingeilipa huku inacheka. Nilikata tamaa wiki nzima. Aliyenizindua ni ofisa wa leseni, mtu asiyekuwa hata kwenye kamati yetu. Tulikutana kwenye korido, nikamlalamikia, akashangaa: "Ndugu, jiji haliishi kwa faini. Nani anawapa leseni? Nani anatoa zabuni?" Tukaandika kwamba anayeomba zabuni ya jiji atatia saini ahadi ya kutobagua, na kwamba mwenye leseni aliyepuuza amri ya tume anaweza kukataliwa anapokuja kuihuisha. Sentensi mbili hizo zilitusaidia kuliko jedwali lote la faini.

Kuwaeleza madiwani ubaguzi usio wa moja kwa moja kulinichosha zaidi. Walielewa haraka mtu anayesema "sitaki watu wa aina yenu". Hawakuelewa kanuni inayomhusu kila mtu lakini inawaangukia baadhi. Nilianza na shauri la 1971 ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataza kampuni ya umeme kudai cheti cha sekondari kwa kazi zisizokihitaji, maana sharti hilo liliwafungia nje weusi wengi zaidi. Nikaona macho yanalegea. Nikaacha mahakama, nikawasomea ile barua yenye sentensi moja, jina nikilificha. "Ngazi hazimchukii mtu," nikawaambia, "ila zinampitisha huyu na kumrudisha yule." Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akichezea simu akaiweka chini.

Kwenye ushahidi tulipata msaada wa njia ya zamani ya kupima kwa watu wawili. Unawatafuta wanaofanana kwa kila kitu, kipato, kazi, umri, isipokuwa kile unachokishuku, unawatuma mahali pamoja. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kutuma maombi ya kazi karibu 5,000 Chicago na Boston, sifa zikiwa sawasawa ila majina tofauti. Maombi yenye majina yanayosikika ya kizungu yalipata mwito wa usaili kwa kiwango cha asilimia 50 zaidi. Sisi tulifanya kadogo. Mwenzetu wa kwanza, mwenye jina la ukoo kama la yule kijana wa barua, alipiga simu saa tatu asubuhi kuulizia chumba, akaambiwa kimekwenda. Wa pili akapiga saa tatu na dakika ishirini, akaulizwa anataka kuhamia lini. Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, nasi watano tumeizunguka meza. Yule wa kwanza aliondoka kwenda kunywa maji, akakawia kurudi.

Ndiyo maana tuliweka pia kifungu kinachofanana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2000 kuhusu usawa wa rangi na asili: mlalamikaji akishaleta mambo yanayoashiria ubaguzi, ni juu ya mlalamikiwa kuonyesha kwamba hakubagua. Mwenye nyumba ndiye anayejua kwa nini alikataa.

Vita vyenyewe vilikuja mahali ambapo sikuvitegemea. Kundi la madiwani lilikuwa tayari kupitisha kila kitu, mradi tume isiguse idara za jiji. Wafanyabiashara sawa, wenye nyumba sawa, waajiri sawa, sisi hapana. Walisema tutajishtaki wenyewe. Nilijibu, na labda nilipaza sauti kuliko karani anavyopaswa, kwamba theluthi moja ya barua za jalada langu zinatulalamikia sisi. Kikao kiliahirishwa mara mbili. Mwishowe tulikutana njiani: tume inaweza kuchunguza idara yoyote ya jiji, kuiamuru irekebishe kosa na kutangaza matokeo hadharani, lakini haiwezi kuitoza faini. Mwalimu wetu mstaafu alikasirika, akaona tumeuza. Mimi niliona ni afadhali, na bado naona hivyo, ingawa kuna siku namkumbuka.

Kuhusu uhuru wa tume, tulichukua vigezo ambavyo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliviridhia mwaka 1993 kwa taasisi za kitaifa za haki za binadamu. Vimeandikwa kwa ajili ya nchi, si miji, lakini hoja ni ileile: anayeweza kukunyima bajeti ukimuudhi ndiye bosi wako. Tukaomba tume iwe na fungu lake yenyewe kwenye bajeti, na makamishna tisa wanaoingia kwa zamu, watatu kila mwaka, ili meya asiweze kuwabadilisha wote kwa mpigo. Fungu tulilipata, dogo. Kura ya mwisho tulishinda kwa tofauti ya mbili.

Nilihamishiwa sekretarieti, na kazi yangu ya kwanza ikawa fomu. Ilikuwa na kurasa tisa, na ukurasa wa pili ulitaka mtu achague kisanduku: wa moja kwa moja, usio wa moja kwa moja, unyanyasaji, vinginevyo. Wiki ya pili mama mmoja aliishika, akaigeuza nyuma na mbele, akairudisha kaunta. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nimekuja kusema, sikuja kufanya mtihani."

Nikamvutia kiti. Aliongea dakika arobaini, nami nikaandika kwa mkono wangu, nikamsomea, akasahihisha mahali pawili, akaweka dole gumba. Siku iliyofuata fomu ikawa ukurasa mmoja: nani, lini, wapi, nini kilitokea, unataka nini kifanyike. Swali la mwisho tuliliongeza kwa sababu yake. Wote tulidhani anataka fidia, kumbe alitaka aliyemfukuza amwombe radhi mbele ya wale waliokuwepo siku ile.

Yule bwana wa ghorofa ya pili nilimtafuta tangu siku ya kwanza. Namba iliyokuwa kwenye barua haikupatikana. Nilikwenda hadi kwenye anwani, jirani akasema amehama na hajui ni wapi. Basi nikaichukua barua kwa mwenyekiti wa tume, naye akatumia kile kifungu cha kuanzisha uchunguzi bila mlalamikaji. Ofisi ile iliitwa, ikajibu siku ya ishirini. Baada ya wiki tano, meza moja ya vibali ilishushwa chini, mkabala na lango, ikawekwa ofisa mwenye mamlaka ya kusaini.

Jalada namba 1 la tume lina barua zake tatu, kila moja na muhuri wangu. Kwenye nafasi ya jina la mlalamikaji imeandikwa: Tume yenyewe.